Kusafirisha mbwa na paka mwendo mrefu wakati wa kiangazi: dhana potofu na ukweli

Wengi wanaojiandaa kusafiri na mbwa au paka kwa saa nyingi wakati wa joto huhofia kona, mtikisiko na kichefuchefu, ilhali mnyama huwa hatarini zaidi pale safari inaposimama.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba anaweza kuachwa ndani ya gari kwa dakika chache, mradi vioo vimeshushwa kidogo. Si kweli. Nje kukiwa na nyuzi joto 24 tu, hali ambayo sisi huiona ya kupendeza, ndani ya gari lililofungwa joto hufikia takriban nyuzi 34 katika dakika 10, na 43 baada ya nusu saa, kwa kuwa miale ya jua hupenya vioo na kupasha viti, kisha joto hilo likakosa pa kutokea. Upenyo mdogo dirishani haubadilishi hali hiyo kiasi cha kumwokoa mnyama, na kivuli nacho huhama. Mbwa hatoi jasho kama binadamu, isipokuwa kidogo kwenye nyayo. Hujipoza kwa kuhema, na kuhema hakumfai kitu hewa inayomzunguka inapokuwa imejaa joto na unyevu wa pumzi zake mwenyewe. Mwili wake ukipita nyuzi 41, viungo vya ndani huanza kudhurika. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba safari ya namna hii ifanywe na watu wawili, ili mmoja abaki na mnyama kila mara mwenzake anaposhuka.

Kuhusu ndege, husemwa kwamba chumba cha mizigo hakina hewa. Sehemu wanamowekwa wanyama hudhibitiwa mgandamizo wa hewa na joto. Tatizo liko kwenye lami ya uwanja, kizimba kinaposubiri kupakiwa juani. Safari ya moja kwa moja, ya alfajiri au usiku, hupunguza kungoja huko. Mbwa na paka wenye pua bapa, kama bulldog, huhema kwa shida hata wakiwa wametulia, na kwao ni heri safari iahirishwe.

Wapo wanaompa mnyama dawa ya kumtuliza wakidhani wanamwonea huruma. Baadhi ya dawa hizo hushusha shinikizo la damu na kudhoofisha uwezo wa mwili kurekebisha joto lake, hivyo asipewe yoyote bila ushauri wa daktari wa mifugo. Kinachotuliza kweli ni kumzoesha kulala kizimbani wiki kadhaa kabla ya safari.

Kumnyima maji ili asikojoe njiani ni kosa jingine. Kinachopunguzwa ni chakula, wala si maji.

Hudhaniwa pia kuwa paka anayehema mdomo wazi anajipoza tu kama mbwa, kumbe kwa paka hiyo ni dalili ya kuzidiwa. Na mnyama aliyezidiwa hafunikwi taulo lililoloa, kwa maana taulo hilo hupata joto upesi na kulizuia lisitoke mwilini. Mwagieni maji ya baridi mwili mzima, mumpepee au mumwelekezee kiyoyozi, na mwendelee kumpoza hivyo hata mkiwa njiani kuelekea kwa daktari.