Udhaifu wa maji ya ardhini ya pwani: unapimwaje?

Kisima cha pwani kinaweza kutoa maji matamu leo na bado kikahesabiwa kuwa kiko hatarini. Udhaifu, kama wataalamu wa maji ya ardhini wanavyolitumia neno hilo, si kiasi cha chumvi kilichokwisha kuingia kisimani. Ni wepesi wa bahari kuingia pindi hali ikibadilika: mvua zikipungua, pampu zikiongezeka, au usawa wa bahari ukipanda. Kuupima ni kukadiria wepesi huo eneo kwa eneo na kuuchora kwenye ramani kabla chumvi haijaonjwa.

Kiini cha yote ni uzito. Maji ya bahari yanazidi maji matamu kwa takriban asilimia 2.5, kwa hiyo maji matamu yanayoteremka kutoka bara huelea juu ya maji chumvi yaliyojipenyeza chini ya ardhi. Mholanzi Badon Ghyben mwishoni mwa karne ya 19, na Mjerumani Herzberg mwaka 1901, walifikia hesabu ileile kila mtu kwa njia yake: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba chini yake takriban mita 40 za maji matamu. Tuigeuze hesabu hiyo. Maji yakishuka nusu mita tu kwa kuvutwa, maji chumvi, yakipewa muda, hupanda kiasi cha mita 20. Ni hesabu ya kukadiria, maana mpaka wenyewe si mstari bali ni ukanda wa maji yaliyochanganyika, lakini inatosha kuonyesha kwa nini sentimita chache zinahesabiwa.

Wala bahari haihitaji kuingia nyingi. Lita moja ya maji yake ina takriban miligramu 19,000 za kloridi, na ulimi huanza kuhisi chumvi kloridi inapofika 250 hivi. Asilimia 2 ya maji ya bahari ndani ya kisima inatosha kuyaharibu maji ya kunywa.

Njia ya kupima inayotumika sana ni GALDIT, iliyobuniwa na Chachadi na Lobo-Ferreira na kujaribiwa Goa, India, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Inaangalia mambo sita: aina ya tabaka linalohifadhi maji, wepesi wa maji kupita ndani yake, kimo cha maji juu ya usawa wa bahari, umbali kutoka ufukweni, dalili za chumvi iliyokwisha kuingia, na unene wa tabaka. Kila jambo hupewa alama kati ya 2.5 na 10, kisha huzidishwa kwa uzito wake, yaani namba inayoonyesha umuhimu wake. Kimo na umbali vina uzito wa 4 kila kimoja, wepesi wa kupitisha maji 3, unene 2, na mawili yaliyobaki 1 kila moja. Jumla hugawanywa kwa 15. Jibu likizidi 7.5 udhaifu ni mkubwa, likiwa chini ya 5 ni mdogo.

Chukua eneo la kubuni lililo mita 300 kutoka baharini, lenye tabaka lililo wazi kwa juu na unene wa mita 15. Maji hupita humo mita 20 kwa siku, dalili za chumvi ni za wastani, na maji yamesimama sentimita 80 tu juu ya bahari. Alama zake hufika 135, yaani 9.0: udhaifu mkubwa. Sasa acha yote kama yalivyo, ila inua maji hadi mita 2.2. Jibu linashuka hadi 7.0, yaani wastani. Umbali na mwamba hatuna la kuvifanya. Kimo cha maji tunaweza kukigusa, kwa kupunguza uvutaji au kurudisha maji ya mvua ardhini, na kwa maoni yangu ndicho safu ya kwanza ya kusoma kwenye jedwali lolote la aina hii.

Jambo moja huwashangaza wanaoanza: tabaka lililofunikwa na udongo usiopitisha maji hupewa alama ya juu kuliko lililo wazi. Kifuniko huzuia uchafu wa juu, lakini bahari haitokei juu, na ukivuta maji kwenye tabaka lililofungwa, mgandamizo hushuka upesi na kwa eneo pana zaidi.

Mipaka ya njia hii ipo. Uzito ule uliwekwa kwa maoni ya wataalamu, na wengi hurekebisha kulingana na mahali. Kila kilicho zaidi ya mita 1,000 kutoka ufukweni hupata alama ya chini kabisa ya umbali, ingawa kwenye chokaa yenye mapango maji chumvi huweza kufika mbali zaidi ya hapo. Uvutaji wenyewe haumo katika yale sita. Huonekana tu kupitia kimo cha maji. Na kimo hicho kinategemea mdomo wa kisima umepimwa vizuri kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Kosa la nusu mita hapo, au kipimo kilichochukuliwa mvua zikiwa zimetoka tu kunyesha badala ya mwisho wa kiangazi, linaweza kulihamisha eneo zima kutoka rangi moja ya ramani hadi nyingine.