Mzee akisema "Tiger" hajakudanganya

Wiki iliyopita yametokea tena. Tuko jikoni kwa mzee mmoja, Pennsylvania, kinasa sauti kiko mezani katikati ya chupa za dawa. Mzee ana miaka 99. Anasimulia Ardennes, kule Ubelgiji, Januari 1945, theluji hadi magotini, na Tiger, kile kifaru kikubwa cha Wajerumani, inayochomoza polepole kwenye ukungu wa msituni. Mjukuu wake, kijana mwema aliyetupikia kahawa, akainua simu: "Babu, hapa wanasema sehemu ile hapakuwa na Tiger." Mzee akanyamaza. Nikasubiri. Hakurudi tena kwenye kifaru, wala kwenye theluji. Tukamalizia na habari za kazi yake ya reli baada ya vita.

Mniwie radhi basi, leo naandika nikiwa na hasira. Nimewarekodi wazee wa Vita vya Pili hapa Marekani miaka kumi na mitano sasa, na kauli inayonichosha kuliko zote ni hii: amekosea moja, basi yote ni uongo. Wanaisema wajukuu, na wanaisema hata watu waliosomea historia, ambao ndio hasa wanaoniuma.

Tuanze na kifaru. Ni kweli Tiger zilikuwa chache. Ukijumlisha aina ya kwanza na ya pili, Wajerumani hawakuunda hata 2,000, na nyingi zilipelekwa kupigana na Warusi. Panzer IV, kifaru chao cha kawaida, peke yake zilipita 8,000. Lakini Panzer IV ikishavikwa yale mabamba ya chuma ubavuni na kuuzunguka mnara wa mzinga, inakuwa boksi kubwa la kutisha linalofanana sana na Tiger. Kijana wa miaka 19 aliyelala kifudifudi shimoni hana nafasi ya kuhesabu magurudumu. Mzee mwingine niliwahi kumuuliza, "Ulijuaje kuwa ni Tiger?" Akanijibu bila kusita: "Sajenti alisema."

Hilo jibu ni dhahabu. Linakuonyesha jina lilivyosafiri kutoka mdomo hadi mdomo ndani ya platuni. Katika lugha ya askari wa Marekani wa 1944, "Tiger" lilikuwa jina la kifaru chochote cha adui kilichokuja upande wako. Ndivyo ilivyokuwa kwa "88" pia, mzinga wa Kijerumani wa milimita 88. Mizinga mingi ya divisheni za Kijerumani ilikuwa ya milimita 105 na 150, ambayo kombora lake unalisikia likija, ukapata nukta ya kujitupa chini. La 88 lilikwenda kasi kuliko sauti yake: linapasuka kwanza, mlio wa mzinga unafuata. Kwa hiyo ndilo lililowatia hofu, na jina la kinachotia hofu ndilo linalobandikwa kila kitu. Ukimsahihisha mzee aandike "105", umepata milimita na umepoteza hofu. Milimita ningezipata mwenyewe kwenye nyaraka. Hofu ipo kwake tu.

Nina sababu yangu ya kulishikilia hili. Babu yangu alikuwa Keya, askari Mwafrika katika jeshi la Mwingereza, akapigana Burma. Kila mto aliokuwa akiutaja aliuita Chindwin. Sisi watoto tuliokwenda shule tulikuwa na ramani, tukamcheka. Akaacha kusimulia, na sauti yake sina.

Sasa tarehe, maana hapo ndipo watu wanapokaza shingo. Kuna mwanasaikolojia, Ulric Neisser, aliyekumbuka wazi kabisa kwamba habari za Wajapani kushambulia bandari ya Pearl Harbor zilimkuta akisikiliza mchezo wa besiboli redioni. Alikuwa mtoto wa miaka 12. Miaka mingi baadaye akashtuka: Desemba hakuna besiboli! Akalitumia kosa lake kama mfano wa kumbukumbu inavyotuchezea. Kisha wenzake wakachimba, wakaona kwamba tarehe 7 Desemba 1941 redio ilikuwa ikitangaza futiboli ya Kimarekani, Giants dhidi ya Dodgers wa Brooklyn, katika uwanja wa besiboli, na majina yote mawili ni majina ya timu za besiboli pia. Alikosea mchezo. Redio, siku na mshtuko alivipata sawasawa.

Mimi nina mfano wangu. Mzee mmoja alishikilia kwamba alitolewa mstari wa mbele siku ya Krismasi kwa sababu ya miguu. Ripoti za asubuhi za kombania yake, zilizoandikwa kila siku kuonyesha nani yupo na nani katoka, zinasema Januari, siku nyingi baada ya Krismasi. Ningeweza kumwekea alama nyekundu nikaenda zangu. Niliporudi kwake nikamuuliza walikula nini siku ile. Akasema bata mzinga, wa baridi, ameganda. Chakula cha Krismasi kilikuwa kimewafikia kwa kuchelewa sana. Kwake yeye, siku alipokula bata mzinga ndiyo iliyokuwa Krismasi.

Mzee huyo ndiye aliyenieleza habari za soksi. Walipewa amri ya kubadilisha soksi kila siku ili miguu isioze kwa unyevu. Mahali pa kuzikaushia hapakuwapo, kwa hiyo soksi mbichi ulizitia ndani ya shati, juu ya ngozi ya kifua, ukalala nazo. Alipokuwa akisimulia, kiganja chake kilipanda chenyewe na kutua kifuani upande wa kushoto, kikabaki hapo dakika nzima. Miaka zaidi ya sitini ilikuwa imepita. Mkono ulikuwa bado unazishikilia zisidondoke. Ripoti ya asubuhi ina mstari mmoja tu juu yake: jina, cheo, hospitali.

"Lakini faili lake halionekani," wananiambia. Jamani. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu za wanajeshi St. Louis lilishika moto, faili milioni 16 hadi 18 zikaangamia. Kwa jeshi la nchi kavu, ni kama asilimia 80 ya walioachishwa kati ya 1912 na mwanzo wa 1960. Nakala hazikuwapo. Na tafadhali acheni kumdai mzee wa 1945 fomu ya DD-214, ile ya kuachishwa jeshi. Fomu hiyo imeanza 1950.

Hao wanaoapa kwa karatasi wakumbuke na hili. Mpaka Januari 1997, ukisoma orodha ya Nishani ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya ushujaa Marekani, kwa vita vile, ungeamini kwamba katika Wamarekani weusi zaidi ya milioni moja waliovaa sare hakukuwa na hata mmoja aliyestahili. Kisha wakatunukiwa saba kwa mkupuo. Aliyekuwa hai ni Vernon Baker peke yake, aliyepigana Italia Aprili 1945. Miaka 52 karatasi ilikuwa na kosa kubwa kuliko Tiger yoyote.

Waongo wapo, sikatai. Mtu anajivika nishani ambazo hakupewa. Hao huwa hawakosei kama wanavyokosea wazee hawa. Simulizi zao zimenyooka mno, na kila kitu kinawahusu wao.

Linalonisumbua mimi ni jingine. Mzee mmoja alinisimulia ufuo wa Omaha, Ufaransa, asubuhi ya 6 Juni 1944, siku majeshi yalipotua: maji kifuani, mtu wa mbele yake akizama na mzigo mgongoni. Ripoti zinaonyesha alifika kwenye kombania ile Julai, kujaza nafasi za waliokufa. Niliposikiliza rekodi mara ya pili nikagundua kwamba alisema "tulitua." Hata mara moja hakusema "nilitua." Nadhani aliipokea simulizi ile kwa wenzake shimoni pamoja na blanketi la marehemu, ikawa yake. Nadhani. Alifariki kabla sijarudi kumuuliza, na nimeiacha rekodi kama ilivyo, na maelezo ya tarehe pembeni. Kuna usiku naona nimefanya sawa, kuna usiku naona nimemdhulumu aliyezama.

Katika Wamarekani milioni 16 waliotumikia vita vile, waliobaki hai leo hawafiki laki moja. Mzee wa Pennsylvania amekubali nirudi Alhamisi. Nimemwomba mjukuu awepo, simu aiache sebuleni, na swali la kwanza aliulize yeye: "Babu, ulijuaje?"