Ulimi mweusi na namna ya kuukata

Chai ya Wakalmyk hutiwa maziwa, siagi na chumvi. Ikishaiva, hakuna anayeionja kwanza. Mwenye nyumba huchota ya mwanzo akaiweka mbele ya sanamu za Buddha, na fungu hilo huitwa deeji. Kwa Kiswahili ningeliita malimbuko. Kisha mzee aliyepo hushika bakuli lake na, kabla hajanywa, hutamka baraka kwa mtiririko wa kishairi. Waliokaa huitikia kwa neno moja: "Tiigtkha!" Na iwe hivyo.

Nafundisha fasihi simulizi, na kila nikitaka wanafunzi waelewe kwamba kuna watu ambao kwao kusema ni kutenda, huwapeleka kwa Wakalmyk. Ni Wamongolia wa tawi la Oirati, waliohama kutoka Dzungaria, eneo lililo kaskazini-magharibi mwa China ya leo, katika karne ya 17 na mifugo yao wakafika nyika za sehemu ya chini ya mto Volga, kaskazini-magharibi mwa Bahari ya Kaspi. Leo wana jamhuri yao ndani ya Urusi, mji mkuu ukiwa Elista, na wengi wao ni Wabuddha wa mapokeo ya Kitibeti.

Baraka ile huitwa yorel. Iko ya mtoto mchanga, iko ya harusi, iko ya nguo mpya. Fupi kabisa ni hii: "Ut nasta, bat kishgta boltkha", uwe na maisha marefu na heri isiyotikisika. Lakini mfano ninaoupenda ni methali yao kuhusu chai: chai ni nyepesi, lakini ndiyo malimbuko ya vyakula, karatasi ni nyembamba, lakini ndiyo inayobeba mafundisho. Kwa Kikalmyk mstari wa kwanza huanza na tsa, chai, na wa pili huanza na tsaasn, karatasi. Sisi tumezoea vina vya kati na vya mwisho. Wao vina vyao viko kichwani mwa mstari. Sikio hulisubiri neno linaloanza, halilisubiri linalomaliza. Ndiyo maana yorel ikitafsiriwa maana hubaki, lakini pigo lake hupotea, na kwa mwenye kuamini pigo hilo ndilo lenye nguvu.

Kinyume cha yorel ni kharal, maapizo. Neno baya likishatoka halipotei hewani. Humwandama aliyesemwa, likaleta ugonjwa au mkosi. Huitwa khar kel, ulimi mweusi. Na tiba yake ipo. Husokotwa kamba ya nyuzi za sufu nyeupe na nyeusi. Mjuzi wa maneno, awe mtawa au mzee, huikata kipande baada ya kipande huku akisoma maandiko yanayotaja maapizo ya kila aina, yawe yametoka kwa nani na kwa sababu gani. Tazama jinsi walivyofikiri: ulimi hauonekani, basi unapewa mwili wa kamba, ili kisu kipate cha kukata. Na hata hapo kisu peke yake hakitoshi. Maneno ndiyo hukata maneno.

Palipo na imani hiyo, kuna pia kunyamaza. Mbwa mwitu mkubwa wa nyikani ana jina lake, chon, lakini mfugaji hulikwepa akamwita mbwa wa mbinguni, kama wazee wetu wengi wasivyopenda nyoka atajwe usiku. Mke naye hakuruhusiwa kutamka majina ya wakwe zake. Ikiwa jina la baba mkwe ni neno la kawaida la kila siku, ilimpasa atafute neno jingine la kitu hicho.

Mwiko mzito kuliko yote uko kwenye utendi wao mkuu, Jangar. Shujaa ni yatima aliyebaki peke yake akiwa na miaka 2, na mwaka wake wa 3 akapanda farasi wake Aranzal na kuvunja ngome tatu. Nchi yake ni Bumba, ambako hakuna kufa, na kila mtu hubaki na umri wa miaka 25. Manju wa utendi huu huitwa jangarchi. Wimbo mmoja ukianzwa lazima umalizwe. Lakini nyimbo zote, utendi mzima kwa mkupuo, haziimbwi: anayefanya hivyo huyafupisha maisha yake. Wengine huuona mwiko huu kama ushirikina wa kando. Mimi naona ni sehemu ya utendi wenyewe. Hadithi ya nchi isiyokufa haina budi kubaki bila mwisho.

Mwaka 1908 mwanafunzi Mkalmyk kutoka St Petersburg, Nomto Ochirov, alikaa na jangarchi Eelyan Ovla akaandika nyimbo 10 kutoka kinywani mwake. Zilichapishwa mwaka 1910.

Tarehe 28 Desemba 1943 serikali ya Stalin iliwapakia Wakalmyk kwenye mabehewa ya mizigo, zaidi ya watu 90,000, ikawatawanya Siberia kwa madai kwamba waliwasaidia Wajerumani. Wengi walikufa kwa baridi, njaa na maradhi. Walipoanza kurejea mwaka 1957, watoto waliozaliwa kule walikuwa wakizungumza Kirusi, na hadi leo Kikalmyk kimo katika orodha ya UNESCO ya lugha zilizo hatarini. Linaloniuma zaidi ni mahali ufa ulipopita. Chai iko, na deeji bado hutengwa. Lakini mzee anapoanza yorel, mjukuu aliye upande wa pili wa meza mara nyingi huwa analo neno moja tu la kumjibu.

Neno lenyewe ni tiigtkha.