"Injenieri, kanivo itakuja lini?"

Jumamosi iliyopita, katikati ya salongo (kazi ya pamoja ya mtaa), nimeulizwa tena swali la kanivo, yaani mfereji wa betoni (zege) wa maji ya mvua. Nilikuwa ukingoni mwa korongo moja la Kadutu, hapa Bukavu, buti zimejaa matope, pamoja na shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa), akina mama kadhaa na vijana wenye majembe. Tulikuwa tumetembea saa mbili nzima tukifuata njia ya maji kutoka kileleni. Tulionyeshana kila paa lisilo na mfereji, kila bomba linalovuja, kila ukuta uliotobolewa ili maji ya mwenye nyumba yawe shida ya jirani. Tulipofika chini, papa mmoja (baba mtu mzima) akanishika mkono kwa heshima zote akaniambia: "Asante sana. Sasa, injenieri, kanivo ya betoni itakuja lini?"

Nimeulizwa swali hilo Kadutu, nimeulizwa Bagira, nimeulizwa Panzi, na safari moja nimeulizwa kanisani wakati wa sadaka. Basi leo nalijibu kwa maandishi, pamoja na maneno mengine ninayoambiwa kuhusu maji, ili siku nyingine nimpe mtu simu asome mwenyewe.

"Kanivo kubwa ya betoni itamaliza shida"

Haimalizi. Inaihamisha, na inaihamisha ikiwa imeongezewa nguvu.

Hesabu kwanza. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Chukua nyumba ya kawaida yenye paa la mita 8 kwa 10. Ikinyesha milimita 30, ambayo kwa Bukavu si mvua ya kusimulia wajukuu, paa hilo moja limetoa lita 2,400, yaani bidoni 120 za manjano za lita 20. Avenyu ya nyumba 50 inatoa bidoni 6,000, mara nyingi ndani ya saa moja, na hapo hatujagusa barabara wala viwanja vilivyokanyagwa hadi vikawa vigumu kama sakafu. Kilima hicho kilipokuwa migomba na maharagwe, maji mengi yalizuiwa na majani, yakachelewa kwenye matuta, yakashuka kwa zamu. Leo yote yanataka kupita mlango mmoja kwa wakati mmoja, kama watu wanaotoka uwanjani baada ya mechi.

Sasa wape watu hao barabara ya lami yenye mteremko. Ndiyo kanivo. Betoni haina nyasi, haina jiwe, haina kona ya kumchelewesha mtu. Maji yanakimbia, na mwendo wake ukizidi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma inazidi mara nne. Kama kanivo ingefika hadi mto Kawa, na Kawa ikawa na nafasi ya kupokea, nisingekuwa na neno. Lakini karibu kila kanivo niliyowahi kuikagua katika mji huu inaishia pale pesa zilipoishia: katikati ya mlima, nyuma ya jiko la mtu. Hapo ndipo maji yanaruka na kuanza kuchimba. Mwaka wa kwanza ni kijifereji cha kuruka kwa hatua moja. Baada ya misimu michache ya mvua, mtu mzima anasimama ndani na kofia yake haionekani.

Na hadithi haiishi hapo, maana mwenye kiwanja naye anaogopa. Anaanza kujaza korongo: kifusi, magunia, takataka za avenyu nzima (wengine hata wanamlipa azipokee). Mvua inayofuata inakuta kizibo cha plastiki, inakipita kando, inakula ukingo wa pili, ambao ni wa jirani. Jirani analia. Kilio kinapanda hadi kwa wakubwa, nao wanajibu kwa kurefusha kanivo mita nyingine 40. Kanivo ikifika, viwanja vya kando yake vinapanda bei, watu wanajenga, mapaa yanaongezeka, na maji yanayoingia kwenye kanivo ile ile ni mengi kuliko yale iliyopimiwa.

Mzunguko huu tuliuchora chini, kwenye vumbi, kwa maharagwe na vipande vya kamba: haragwe moja kwa kila jambo, kamba kutoka kwenye jambo linalosababisha hadi kwenye jambo linalosababishwa. Mama mmoja anayeuza makala (mkaa) ndiye aliyeweka kamba ya mwisho, kutoka "kanivo ndefu" kurudi kwenye "nyumba mpya". Akatazama, akajifuta mikono kwenye kitenge: "Kumbe tunajifukuza wenyewe." Nimesoma ripoti za kurasa 80 ambazo hazikufika alipofika huyo mama.

Sisemi betoni ni dhambi. Kanivo ya ngazi, inayovunja mwendo wa maji hatua kwa hatua hadi mtoni, ni kazi nzuri. Ninachokataa ni kuanzia hapo. Anzia juu: mapaa, viwanja, mabomba. Pale maji yanapobomoa ni mahali pa kuonea shida tu. Ilipozaliwa ni mbali na hapo, na kwa kawaida kwa mtu ambaye hana shida yoyote.

"Basi tuchimbe mashimo, maji yaingie ardhini"

Hii inatoka kwa watu waliohudhuria semina moja. Mahali pengine ni ushauri mzuri. Bukavu, kuna milima ambako ni hatari kabisa.

Mji wetu umekaa juu ya miamba ya volkano ya zamani iliyooza hadi ikawa udongo mzito wa mfinyanzi, na baadhi ya miteremko inatembea. Mteremko wa Funu, hapa mjini, unatembea, satelaiti zimeupima. Utafiti uliotoka mwaka 2022, uliofuatilia mteremko huo kwa picha za takriban miaka 70, ulionyesha kwamba kukua kwa mji juu yake kumeongeza mwendo wake. Wakazi wanazijua dalili: ukuta umepasuka kwa mshazari, mlango uliofungwa vizuri wakati wa Pasaka unagoma kufungwa wakati wa Noeli. Ukimwaga maji ya paa ndani ya mlima kama huo, unaupaka mafuta chini ya miguu.

Kwa hiyo dawa ya avenyu moja ni sumu ya avenyu nyingine, na ndiyo maana sitoi ushauri kwa simu. Kwenye mteremko unaotembea, maji yashikwe juu ya ardhi na kuachiwa polepole kuelekea njia imara. Pipa la lita 200 ni dogo, nakubali: nyumba 50 zenye pipa moja moja zinashika lita 10,000 kati ya 120,000. Tangi la lita 1,000 kila nyumba linakaribia nusu. Lakini sikilizeni jambo ambalo nalirudia hadi mke wangu analisema kabla yangu: tangi lililojaa halizuii mvua. Mawingu yakianza kujikusanya, fungua bomba, limwage taratibu, liwe tupu mvua ikifika. Watu wanaona uchungu kumwaga maji waliyoyahifadhi. Nawaelewa, hasa wale ambao bomba lao halijatoa tone wiki nzima. Basi mwage nusu.

"Mikaratusi inashika mlima"

Inashika udongo wa juu, kiasi. Mteremko unaoteleza kutoka chini sana unaondoka na miti yake ikiwa imesimama wima, au imeinama kidogo kama walevi. Tena chini ya mikaratusi hapaoti kitu kingi, na tone la mvua linapiga udongo mtupu. Mtu akitaka kupanda, mimi nampa matete na nyasi za kulisha mbuzi kwenye matuta. Hayapendezi kwenye picha za uzinduzi, lakini mbuzi wanashukuru.

"Ziwa ni kubwa, litameza"

Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Ruzizi, hapa hapa kwetu. Chupa unayoitupa kwenye korongo la Kadutu inaingia Kawa, Kawa inaiingiza ziwani, ziwa linaisogeza hadi Ruzizi, na kilomita chache chini inakuta bwawa la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Plastiki zinajazana mbele ya mitambo, mashine inasimama, umeme unakatika. Halafu unakaa gizani unalaumu watu wa umeme, na chupa ni yako.

"Maji ya chemchemi ni safi, tazama yanavyong'aa"

Kung'aa kunaonyesha kwamba hayana matope. Vijidudu havionekani, na choo cha shimo kilicho mita 20 juu ya chemchemi hakihitaji ruhusa ya mtu kuchangia. Ziwa nalo lilikuwa likimetameta mwaka 1994, kule Goma, wakimbizi walipolichota, na kipindupindu na kuhara vikaua makumi ya maelfu ndani ya wiki chache. Weka klorini au chemsha. Sina zaidi.

"Kalehe ilikuwa laana"

Hapa nanyamaza kidogo kabla ya kujibu, kwa sababu anayesema hivyo mara nyingi amezika mtu. Tarehe 4 Mei 2023 mito ilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, vijiji vya Kalehe kando ya ziwa, na Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Waliookotwa wakiwa wamekufa walizidi 400, na wengi hawakuonekana kamwe. Lakini tambarare ile ambayo vijiji vimekaa, kati ya mlima na ziwa, imejengwa na mito yenyewe: mawe na mchanga ulioshushwa kwa karne nyingi na kutandazwa kama upepeo. Mahali hapo ni pazuri kwa soko, kwa bandari ya mitumbwi, kwa kila kitu, ila ni kitanda cha mto. Mvua ilinyesha juu, kwenye miteremko iliyovuliwa miti, na mto ukalala tena kwenye kitanda chake. Mtu aliyeuza kiwanja pale hakuloga mtu, na aliyekinunua hakukosa mbele ya Mungu.

"Watu wa mtaa hawajui kitu, tuna ramani"

Hii hainijii kwa wakazi, inanijia kwa wenzangu wa fani, na wa kwanza kuisema nilikuwa mimi.

Kuna nyumba tatu Kadutu ambazo sakafu zake zilikuwa mbichi mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, vumbi likiruka kila mahali. Kwenye daftari langu niliandika kwa uhakika: bomba linavuja. Tulichimba siku mbili tukitafuta bomba. Siku ya pili koko (bibi) mmoja aliyekuwa anachambua sombe (majani ya muhogo) kwenye kizingiti akauliza tunatafuta nini. Tukamwambia. Akanyanyua kisu akaonyesha ukuta wa nyumba ya juu: "Pale chini ya chumba cha wageni ndipo tulikuwa tunachota tukiwa wasichana. Walipojenga waliziba kwa mawe." Chemchemi! Haikuwa kwenye ramani yoyote, na picha ya droni haiwezi kuona chini ya chumba cha wageni. Alikuwa amekaa pale siku zote mbili. Hakuna aliyemuuliza, na mimi nilikuwa nimempita nikimsalimia.

Tangu hapo sianzi kazi bila kutembea na watu watatu: mzee aliyeona kilima kabla ya nyumba, mama anayechota maji, na mtoto, kwa sababu mtoto anajua kila upenyo wa uzio. Nawauliza maji yalikuja saa ngapi, yalifika wapi ukutani, yalikuwa na rangi gani. Rangi ni muhimu: mekundu yametoka kwenye udongo wa juu uliolimwa au kukatwa, meusi yamepita kwenye takataka.

Wala msiniambie kwamba "tumeshirikisha jamii" kwa sababu watu 60 walikalishwa kwenye viti vya plastiki, wakanywa soda, wakasaini karatasi ya waliohudhuria. Kushirikisha mtu ni pale anapoweza kukuambia umekosea, na wewe ukafuta ulichoandika.

Kwa mfano, yule mama wa makala nilimwachia kipimo cha mvua: kopo la maziwa lenye pande zilizonyooka, limefungwa kwenye nguzo ya uzio mbali na paa, na rula ya mtoto wake wa shule. Kila asubuhi anapima, anaandika ukutani kwa kipande cha mkaa, ananitumia namba. Hajaruka hata siku moja tangu mvua za mwezi wa tisa zianze, na namba zake nazitegemea kuliko za mashine iliyo umbali wa vilima vitatu, maana mvua yetu inaweza kunyesha Kadutu na kuiacha Muhumba kavu.

Juzi ilinyesha usiku kucha. Saa kumi na mbili asubuhi simu ikalia, ni yeye. Milimita 41, akasema, na tangi alikuwa amelimwaga nusu jioni kama nilivyomwambia. Nikamshukuru, nikaandika. Kisha akashusha sauti: "Lakini, injenieri, ile kanivo..."