Ukiambiwa mkopo umeidhinishwa kabla hujauomba

Mwezi ukielekea ukingoni, simu za watu wengi Nairobi huanza kupokea ujumbe wa aina moja: hongera, umeidhinishiwa kadi ya mkopo ya hadi Sh200,000, piga nambari hii. Wasomaji hunitumia picha za meseji hizo wakiuliza kama ni za kweli. Kwa kuwa kazi yangu ni kuchambua maombi ya mikopo, huwajibu kwa swali: kama ungekuwa umetoka mwenyewe leo kutafuta mkopo, ungeanzia kwa huyu aliyekuandikia?

Benki inayopokea mshahara wako huona pesa zinavyoingia na kutoka kila mwezi, kwa hiyo inaweza kukadiria kiasi cha kukukopesha kabla hujafungua mdomo. Kampuni ambayo hujawahi kuipa hata hati ya mshahara haina habari hizo. Ikidai kwamba imekwisha kukuidhinisha, ama inakisia, ama inataka uipe nambari ya kitambulisho na taarifa za benki. Na hata benki yako mwenyewe ikikuandikia, masharti yanayokufunga ni yale ya mkataba utakaotia sahihi. Kiasi kilichotajwa kwenye meseji ni mwaliko tu.

Wengi hushangaa nambari zao zilifikaje huko. Hebu fikiria ni mara ngapi umeandika jina, nambari ya kitambulisho na ya simu katika daftari la wageni kwenye lango la jumba la ofisi Upper Hill au Westlands, au ukajaza fomu ya bahati nasibu dukani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kupinga data yako kutumiwa kukutangazia biashara. Mwandikie mwenye kampuni, kwa maandishi, umwambie akome na akueleze nambari yako aliipata wapi. Weka nakala. Akiendelea, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ODPC. Ofisi hiyo huchukua hatua: mwaka 2023 ilimtoza mkopeshaji mmoja wa kidijitali faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu wengine kusumbua na kutisha wakati wa kudai madeni.

Afisa wa mauzo akikuachia kadi ambayo hukuiomba, usiiwashe na usilipie chochote kwayo, kwa sababu matumizi ya kwanza huchukuliwa kuwa umekubali masharti. Iandikie benki kwamba huitaki, kisha ikate vipande viwili.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapa ndipo watu huumia. Chukua mfano wa kadi inayotoza asilimia 3.5 kwa mwezi, nawe unadaiwa Sh60,000. Riba ya mwezi wa kwanza ni Sh2,100. Ukilipa kima cha chini, tuseme asilimia 10, yaani Sh6,000, deni lenyewe linapungua kwa Sh3,900 peke yake. Kipindi kisicho na riba, ambacho matangazo hukisifia sana, kwa kawaida ni cha anayelipa deni lote kila mwezi. Ukitoa pesa taslimu kwenye ATM kwa kadi hiyo, mara nyingi riba huanza siku ileile, na kuna ada juu yake. Anayelipa yote kila mwezi ananufaika na kadi. Anayepanga kulipa kidogokidogo anajinunulia mkopo ghali.

Mikopo ya simu huficha bei kwa njia nyingine, kwa kuita riba "ada". Ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30 inaonekana ndogo: ukikopa Sh10,000 unalipa Sh750 juu yake. Rudia mkopo huohuo kila mwezi kwa mwaka mzima, utakuwa umelipa Sh9,000 kwa kutumia Sh10,000. Kwa hiyo kila anayekuahidi mkopo, muulize shilingi zote utakazorudisha na tarehe ya mwisho. Akizungukazunguka, kata simu.

Anayekutaka utume pesa kwanza, iwe "ada ya usajili" au "bima ya mkopo", kwenye nambari ya mtu binafsi, ni tapeli. Halikadhalika anayeuliza PIN ya M-Pesa au nambari ya siri iliyokuja kwa meseji. Sioni haja ya kumpa nafasi ya kujieleza.

Kwa wakopeshaji wa kidijitali, kanuni za mwaka 2022 zinawataka wapate leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na Benki Kuu huchapisha orodha yao kwenye tovuti yake. Angalizo moja: jina la programu kwenye simu na jina la kampuni mara nyingi hutofautiana, na leseni hutolewa kwa kampuni. Soma masharti ya programu upate jina la kampuni, kisha litafute hilo.

Kabla ya kuomba popote, jiangalie wewe kwanza. Kuna mashirika matatu ya taarifa za mikopo (CRB) yenye leseni, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo, na una haki ya ripoti moja bila malipo kila mwaka. Nimeona maombi mazuri yakikwama kwa deni dogo la simu ambalo mwenyewe alilisahau, au lililolipwa lakini mkopeshaji hakurekebisha rekodi. Lalamika kwa maandishi kwa shirika lenye ripoti hiyo, ukiambatisha uthibitisho wa malipo.

Kwa mtu wa mshahara au mwenye biashara ndogo anayeweza kungoja, mimi humwelekeza kwenye sacco. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, kwa takriban asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki. Zile Sh60,000 za hapo juu zingetozwa Sh600 mwezi wa kwanza. Hakikisha sacco imo kwenye orodha ya SASRA, mamlaka inayosimamia sacco. Ugumu wake ni wadhamini: wewe ukishindwa kulipa, akiba yao ndiyo hukatwa, nawe utaombwa uwadhamini wao. Kubali kumdhamini mtu unayejua mapato yake tu, hata kama ni shemeji.

Na kama tayari una kadi unayotaka kuifunga, usidhani kulipa salio la mwisho kunatosha. Riba ya siku chache na ada ya mwaka hubaki zikikua kimyakimya hadi zikakuorodheshe CRB. Omba benki ikutajie kiasi cha kufunga, lipa, kisha dai barua inayosema akaunti ya kadi imefungwa na haina deni.