Vijiti vinne, mtandao hakuna

Januari, saa mbili usiku, Quartzsite, kwenye jangwa la magharibi mwa Arizona. Nampigia mama simu ya video Tanga. Kwake ni saa kumi na mbili asubuhi. Ameshaswali, sufuria ya chai iko jikoni, na nyumba nzima bado imelala. Hiyo ndiyo saa yetu. Simu yangu inaonyesha vijiti vinne, na mnara wenyewe nauona dirishani, taa yake nyekundu ikiwaka na kuzimika. "Shikamoo mama." Sura yake ikaganda, kikombe kikiwa nusu ya safari kwenda mdomoni. Marahaba haikufika.

Na mimi ndiye fundi. Kazi inayonilisha ni kufunga intaneti kwenye RV, zile nyumba za magurudumu ambazo Wamarekani huziendesha au kuzikokota kwa pikapu wakapige kambi, na wengine siku hizi wanaishi humo mwaka mzima. Mteja akija, swali lake la kwanza huwa lilelile: "Ipi ina kasi?" Nami humrudishia langu: saa ngapi, mtandao ukikatika, utaumia? Anayetaka kutazama mpira, anayefanya kazi na mwajiri aliye New York na anayetaka kumwona mama yake hawahitaji kitu kimoja, hata kama wameegesha ubavu kwa ubavu.

Quartzsite ina wakazi wa kudumu kama 2,400. Baridi ikishika kaskazini, wastaafu wa Marekani na Kanada humiminika huku kwa maelfu, kwa sababu jua lipo na ardhi ya serikali ni nafuu: kwenye eneo la La Posa, kibali kimoja kinakutosha msimu mzima, kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili. Mnara uliowatosha wenyeji mwezi Julai sasa umebebeshwa mji mwingine mgongoni. Ikifika saa mbili usiku watu wameshakula, wamefunga milango, kila mmoja kawasha filamu.

Vijiti vile vya kwenye simu havijui habari hiyo. Vinapima jinsi simu inavyousikia mnara, basi. Ni kama kuishi hatua kumi kutoka kituo cha daladala: kituo unakiona kutoka mlangoni, lakini saa moja asubuhi kila gari linalopita limeshona. Ndiyo maana busta, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi ambacho watu hununua kwa hasira usiku kama ule, haisaidii hapa. Busta inakusogeza karibu na kituo, viti haiongezi. Ina faida ukiwa mbali na mnara, huko ambako wenye simu ni wewe na sungura.

Halafu kuna bando. Bando "lisilo na kikomo" la Marekani mara nyingi huwa na kizingiti ndani ya masharti yake. Ukikivuka hawakukati, wanakupeleka nyuma ya foleni kila mnara unapolemewa. Hotspoti nayo ina kizingiti chake peke yake, mara nyingi kidogo kuliko cha simu. Nimekutana na watu waliokunywa bando lote la hotspoti kufikia tarehe nane kwa sababu televisheni ilikuwa inajisasisha yenyewe usiku.

Wi-Fi ya kambi sitaizungumzia sana. Mara nyingi ni laini moja inayogawanywa kwa viwanja vyote, na RV yenye mwili wa alumini huizuia mlangoni kama sanduku la bati. Asubuhi saa kumi na moja inafaa.

Setilaiti ndiyo iliyobadilisha biashara yangu. Ile ya zamani hukaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Ukiuliza neno, jibu hurudi baada ya zaidi ya nusu sekunde, na watu wawili wakiongea hukanyagana kila sentensi. Starlink, ambayo ilianza kuuza huduma maalumu ya RV mwaka 2022, hutumia setilaiti zinazopita chini kabisa, kilomita mia kadhaa tu. Mazungumzo yanakuwa ya kawaida. Ila kwa kuwa zinapita na hazikai, dishi lazima lione anga pana ili liiache moja na kuidaka nyingine. Jangwani hakuna tatizo. Tatizo liko msituni.

Mwaka mmoja kiangazi nilipigiwa na muuguzi Mkenya aliyekuwa ameegesha kwenye misonobari mirefu ya karibu na mji wa Flagstaff, kaskazini mwa Arizona. Hawa wauguzi wa mkataba huhama hospitali hadi hospitali, kwa kawaida wiki 13 kila mahali, na baadhi yao wameona kodi za nyumba hazina maana, wakanunua karavani. Alikuwa anasoma shahada ya pili kwa mtandao, na mtihani unaosimamiwa kwa kamera ulikuwa umemtupa nje mara mbili. "Kaka," akaniambia, "kasi ninayo. Nimepima. Megabiti 140."

Kipimo cha kasi huchukua sekunde chache. Kikiangukia penye uwazi, kitakusifia. Nilichofanya ni kuiacha kompyuta itume ujumbe mmoja mdogo wa majaribio kila sekunde na kungoja jibu, kwa saa nzima, jumbe 3,600, nikaenda kunywa chai aliyoipika, chai ya maziwa hasa, ya kwao. Tuliporudi, orodha ilikuwa na mashimo: sekunde tatu, sekunde nne, tena sekunde tatu. Msonobari mmoja upande wa kaskazini ulikuwa unakata anga, na kila setilaiti iliyopita nyuma yake ilipotea kwa muda huohuo.

Kwa filamu, sekunde nne si kitu, kwa sababu filamu hujiwekea akiba mbele na wewe huoni pengo. Mazungumzo hayana akiba. Mtihani wa kamera ni mkali zaidi, ukikosa sura yako unahesabu umeondoka.

Tulilisogeza dishi mita 15 hadi penye uwazi, kwa waya mrefu, na mashimo yakaisha karibu yote. Akaniuliza kama nimfungie ruta inayohamia kwenye laini ya simu dishi likipotea. Nikamwambia ruta hiyo ni nzuri kwa kazi zake nyingine, lakini inapohama, anwani yako ya mtandao hubadilika, na programu ya mtihani inaweza kuona mtu mwingine kaketi kwenye kiti chako. Zipo ruta zinazounganisha njia zote mbili zionekane kama moja, ila hizo zinataka huduma ya kulipia kila mwezi. Kwa mtihani wa mara moja kwa muhula? Nilimwelekeza maktaba ya umma ya mjini. Intaneti ya bure, meza, ukimya. Nilipoteza mauzo siku ile, na sijutii sana. Chai ilikuwa nzuri.

Watu wakisikia "njia mbili" hununua simkadi mbili za kampuni mbili. Angalia kwanza. Mara nyingi kampuni mbili zimepangisha kwenye mnara uleule, na mnara unalishwa na faiba ileile. Kimbunga Helene kilipopiga milima ya magharibi mwa North Carolina mwezi Septemba 2024, umeme ulikatika na nyaya za faiba zikasombwa, na minara ikazimika bila kujali nembo ya nani imebandikwa. Njia ya pili yenye maana ni ile isiyopita mahali ambapo ya kwanza inapita.

Sasa umeme, na hapa ndipo nilipojikwaa mwenyewe.

Kwenye La Posa kila mtu anajitegemea kwa sola na betri. Betri yangu ya lithiamu ni ya ampea-saa 100, yaani kama wati-saa 1,280. Dishi dogo la Starlink, lile la Mini, hula wati 25 hadi 40. Chukua 30, liache limewaka usiku na mchana: wati-saa 720. Zaidi ya nusu ya betri imeliwa na intaneti, na friji bado haijadai chake. Dishi kubwa linakula zaidi ya mara mbili ya hapo. Ukipitisha kwenye inveta ili upate umeme wa ukutani kisha adapta iurudishe kuwa wa betri, unapoteza zaidi njiani.

Kwa hiyo nilifanya nilichowashauri wengine: nikaunganisha Mini moja kwa moja kwenye betri, maana inakubali volti 12 hadi 48. Waya nilioukuta kwenye boksi la vifaa ulikuwa mwembamba, mita tano. Nikaona utatosha. Kila nilipoliwasha, dishi lilianza, likajizima, likaanza tena. Nikalaumu programu, nikalaumu setilaiti. Baadaye nikachukua kipima volti: kwenye betri, volti 12.9; kwenye plagi ya dishi, linapovuta ampea nne, volti 11.5. Waya ulikuwa umekula volti nzima na ushee. Ningekuwa kwa mteja ningelipima hilo kwanza. Ndiyo sababu usiku ule wa Januari nilikuwa natumia simu peke yake, na dishi limelala juu ya meza. Siku hizi naweka waya mnene, au kifaa cha kupandisha volti kabla ya waya mrefu.

Kuna jambo moja la usalama ambalo wateja wangu wengi hawalijui. Ukiwasha kupiga simu kwa Wi-Fi, simu ya Marekani hukudai anwani ya dharura. Ukipiga 911, namba ya dharura ya huku, kupitia dishi, huenda wakaitegemea anwani ile. Mtu kaegesha Utah, na anwani aliyoandika ni ya nyumba aliyoiuza Ohio. Ibadilishe kila unapohama. Vilevile, tahadhari za mafuriko ya ghafla, zile zinazolia kwa mlio wa kushtua, hutangazwa na minara ya simu. Unaweza kuwa unaangalia video safi kabisa kwa setilaiti, simu yako haina mnara hata mmoja, na tahadhari isikufikie. Msimu wa mvua za radi wa Arizona ni 15 Juni hadi 30 Septemba, na korongo kavu linaweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mahali usipopaona. Redio ndogo ya hali ya hewa, inayoshika masafa ya megahezi 162.400 hadi 162.550, haihitaji bando wala mkataba. Ninayo juu ya kitanda.

Kwa mama, nilijaribu kwanza dawa ya bure, kubadilisha saa. Saa kumi na mbili asubuhi hapa mnara uko mtupu, na Tanga ni saa kumi jioni. Picha ilikuwa safi kama kioo. Lakini saa kumi jioni mama yuko barazani na majirani, simu inazungushwa mkono kwa mkono, nasalimia watu tisa na yeye simpati. Wiki ya pili akaninong'oneza: "Nipigie saa zile zetu."

Basi bajeti ya betri nikaipanga kutoka mwisho kwenda mwanzo. Dishi nalizima mchana kutwa, barua pepe nazisoma kwa simu, na saa moja na nusu usiku naliwasha lipate muda wa kuitafuta anga. Saa mbili kamili napiga. Nje, mnara unaendelea kupepesa taa yake nyekundu juu ya kambi nzima inayotazama filamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo nyumba umeiegesha wapi?"