Risasi isiyo na risasi

Mtu akishika ganda jekundu la plastiki lenye kitako cha shaba na kusema, "Hii ni risasi ya moto ya shotgani, inatema cheche kama joka," amekosea mara mbili katika sentensi moja. Alichoshika si risasi, ni katriji. Na risasi ya moto, kwa Kiswahili cha kila siku, ni ile ya kweli inayojeruhi na kuua, kinyume cha risasi baridi inayotoa mlio tu. Haihusiani kabisa na kuwaka.

Maana tuimalize upesi. Katriji ni kifurushi kizima kinachoingia kwenye chemba, yaani nafasi iliyo nyuma ya mtutu: ganda, fataki ya kuwashia katikati ya kitako, baruti, na kile kitakachorushwa. Ya shotgani, bunduki ya kurushia punje nyingi kwa mpigo mmoja, huongeza kizibo cha plastiki kati ya baruti na mzigo, mara nyingi chenye umbo la kikombe. Risasi ni kile kinachorushwa, peke yake. Zikiwa punje nyingi ndogo ndogo, ni marisau. Kinachobaki baada ya kufyatua ni ganda. Basi.

Kinachohitaji maelezo ni neno lenyewe. Risasi limetoka katika Kiarabu, raṣāṣ, na maana yake ya kwanza ni madini: ile metali laini, nzito, ya kijivu. Kiswahili hakijaitupa maana hiyo. Tunasema rangi yenye risasi, petroli isiyo na risasi, mabomba ya risasi, na hakuna anayedhani bomba limejaa silaha. Kitu kirushwacho na bunduki kiliitwa risasi kwa sababu kilitengenezwa kwa risasi, kama vile waya wa shaba unavyoitwa shaba na mtu anayeuuza. Bunduki nayo ina historia ya namna hiyo hiyo. Bunduq kwa Kiarabu ni aina ya kokwa. Kabla ya baruti, vidonge vya mviringo vilivyorushwa kwa upinde viliitwa bunduq kwa kufanana nayo, na baadaye jina likahama kutoka kidonge hadi chombo kinachokirusha. Wapo wanaolihusisha na jiji la Venice, ambalo Waarabu huliita al-Bunduqiyya, lakini njia ya kokwa na kidonge inaeleweka vizuri zaidi. Kwa hiyo risasi si neno la kwanza la kinachorushwa kuhamia kitu kikubwa zaidi.

Mwenye gobore hakuwa na nafasi ya kuchanganya. Alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akashindilia kizibo, akatia marisau, akashindilia tena, kisha akaweka fataki nyuma. Vitu vinne, majina manne, na akikosea mpangilio bunduki hailii. Kipimo cha mlipuko mmoja kiliitwa kiasi cha bunduki, jina zuri ambalo limepotea bure. Katriji ilipofunga vyote ndani ya ganda moja, majina mengine yakasahaulika, likabaki risasi kwa kila kitu.

Kwa bunduki ya mtutu wenye mifuo, yaani mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, kosa hili halileti hasara kubwa, maana katriji moja hubeba risasi moja. Kwenye shotgani hesabu inaharibika mara moja. Katriji ya kawaida ya geji 12, yaani kipimo cha upana wa mtutu, yenye marisau makubwa ya namba 00 hubeba punje 8 au 9, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 8.4 hivi. Yenye marisau madogo ya namba 8, kwa mzigo wa gramu 28, hubeba punje zipatazo 400. Anayesema "alipiga risasi tatu" kwa shotgani hajasema lolote la kuhesabika.

Katriji za ajabu ajabu ndizo zinazoonyesha kosa waziwazi, kwa sababu nyingi hazina hata chembe ya risasi. Shotgani inazivumilia kwa sababu ya shinikizo lake dogo. Kiwango cha juu cha geji 12 ni takriban megapaskali 80, wakati katriji ya kijeshi ya milimita 5.56 huzidi mara nne ya hapo. Mtutu ni laini ndani, ganda ni la plastiki, na kikombe cha kizibo hukumbatia chochote utakachotia. Hapo ndipo ubunifu unapoanza, na mara nyingi ndipo akili inapoishia.

Ile ya joka hubeba vipande vya magnesi au metali nyingine iwakayo, vinavyotoka mdomoni vikiwa cheche za joto la nyuzi elfu kadhaa. Inapendeza usiku, kwa sekunde chache. Haina shabaha, inachafua mtutu, na msukumo wake mdogo wa kurudi nyuma hautoshi kuzungusha bunduki nyingi zinazojipakia zenyewe, hivyo hukwama. Kinachobaki ni uwezo wake wa kuchoma majani makavu, na magnesi inayowaka haizimwi kwa maji: maji huiongezea ukali. Ile ya tufe mbili zilizounganishwa kwa waya imeiga mizinga ya merikebu, iliyorusha tufe mbili za mnyororo ili kukata milingoti. Kwenye mtutu wa milimita 18.5 waya hukatika au hujisokota, na tufe huenda zinakojua zenyewe. Ile ya vishale vya chuma, kama 20 kwa katriji, ilijaribiwa na Wamarekani katika vita vya Vietnam. Vishale vyepesi hutoka vikipinduka na hupoteza nguvu mapema. Sheria za Illinois na Florida zinazitaja hizi tatu kwa pamoja na kuzipiga marufuku, jambo ambalo limezipa heshima zisiyostahili.

Chumvi ya mawe ni ya masimulizi zaidi kuliko ya kazi. Uzito wake ni gramu 2.2 kwa sentimita moja ya ujazo, dhidi ya 11.3 za risasi, kwa hiyo hupoteza kasi baada ya mita chache, na inachoacha ndani ya mtutu ni kutu.

Sasa zile zenye kazi. Marisau ya chuma si kichekesho: Marekani ilikataza marisau ya risasi kwa uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, kwa sababu ndege humeza punje pamoja na changarawe, firigisi inazisaga, na sumu inaingia mwilini. Chuma ni chepesi, 7.9, basi mwindaji huchukua punje kubwa zaidi kwa namba mbili hivi, na huepuka choki kali, yaani mbano wa mdomo wa mtutu, kwa kuwa chuma hakibonyei kama risasi. Katriji za kufukuzia ndege warukao kwenye viwanja vya ndege hurusha kilipuzi kidogo kinachopasuka mbali angani. Hizi hutumika kwenye shotgani ya kukunja, inayofunguka katikati ili kupakiwa, isiyo na mbano, na mtutu huchunguliwa baada ya kila mlio: kizibo kikibaki ndani, mlio unaofuata hupasua mtutu. Za ishara ya dharura baharini zina umbo la geji 12, lakini bastola yake ya plastiki ikitiwa katriji ya kweli hupasukia mkononi. Za kuvunjia bawaba hubeba unga wa metali ulioshindiliwa, unaosambaratika ukigonga ili usimfikie aliye nyuma ya mlango.

Na ule mfuko wa kutuliza fujo, unaoitwa wa maharage na kuhesabiwa kuwa "si risasi"? Hauna harage hata moja. Ndani ya kitambaa kuna gramu 40 hivi za marisau ya risasi halisi, zikienda mita 90 kwa sekunde. Watengenezaji huandika umbali wa chini wa kutumia, na ukipuuzwa, mfuko unavunja mbavu na umewahi kuua. Kwa hiyo "risasi ya mpira" haina risasi, na "isiyo risasi" imejaa risasi tupu.

Risasi ya mpira imeshakaa kwenye lugha na haitoki. Hakuna haja ya kumsahihisha mtangazaji. Lakini unaponunua, unapohesabu au unapoandika ripoti, sema katriji, kisha taja mzigo: marisau ya namba fulani, gramu kadhaa, au ile risasi moja nzito, iliyotungwa na Mjerumani Brenneke mwaka 1898, ambayo ndiyo pekee humu inayostahili jina hilo kwa umoja. Na ganda ulilookota chini liite ganda tu, mpaka usome maandishi ya ubavuni mwake au ukipate kizibo chake. Huenda kilichotoka humo kilikuwa chumvi.